Vumi, Chapuo na Usingizi: Kumbukumbu Inavyotengenezwa Kichwani

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Temeke, kwenye kikao cha wazazi na walimu wa shule moja ya sekondari. Mvua ilianza alfajiri, wazazi wengi wa Mbagala na Chamazi wakakwama njiani, wakaomba niwaandikie. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizopanga kuonyesha ukutani hazimo, na hata waliokuwepo ukumbini hawakuziona: umeme ulikatika kabla sijafika ya pili.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Na nyie vijana wa kidato cha nne mliolazimishwa kuja Jumamosi asubuhi, mambo?

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu. Mkuu wa shule aliponipigia simu alinipa sharti moja. Alisema, mwalimu, wewe zungumzia ubongo, mambo ya ratiba ya shule tuachie wenyewe. Nikakubali. Tutaona sharti hilo litanifikisha wapi.

Nianze kwa kuuliza. Nani hapa leo asubuhi ametoka nyumbani, amefika kituoni, halafu akasimama na kujiuliza: hivi mlango nimefunga?

Naona mikono. Ni mingi. Mama pale mwenye kitenge cha kijani, ulirudi? Ulirudi, na mvua yote hii. Ukakuta umefungwa? Umefungwa. Sasa aliufunga nani?

Cheka, mama, hauko peke yako. Mkono wako ulizungusha ufunguo, ukauvuta mlango kuhakikisha, ukatia funguo kwenye pochi. Kazi yote ilifanyika sawasawa. Lakini kwenye kumbukumbu hakuna kilichobaki. Na hicho ndicho nilichokuja kuzungumza nanyi: kwa nini mambo mengine yanashika na mengine yanapita kama maji ya mvua barabarani?

Wengi wetu tunaiwazia kumbukumbu kama ghala. Mtoto akifaulu tunasema ana kichwa kikubwa, akifeli tunasema kichwa chake hakishiki, kama vile gunia limetoboka. Nimefundisha fiziolojia kwenye chuo cha uuguzi kwa miaka mingi, na nakiri hata mimi nilianza kwa kufundisha ghala. Nimeliacha. Leo nikitaka kumweleza mtu kumbukumbu ni nini, namwambia asikilize ngoma. Vumi, lile lidundo kubwa zito, na chapuo, zile ndogo za haraka haraka zinazojaza nafasi katikati. Kichwani mwenu, sasa hivi, hivyo viwili vinalia. Vikienda pamoja, unashika. Visipoenda pamoja, unarudi na mvua kuangalia mlango.

Lakini kwanza niwaletee mtu mmoja. Jina lake Henry Molaison, Mmarekani, alizaliwa mwaka 1926. Tangu utotoni alikuwa na kifafa. Kilizidi hadi akawa hawezi kazi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari mpasuaji mmoja wa Hartford, William Scoville, alimfanyia upasuaji wa kujaribu. Alitoa vipande vya ubongo pande zote mbili, ndani, usawa wa masikio, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kinachoitwa hipokampasi.

Hipokampasi maana yake, kwa lugha ya zamani ya Wagiriki, ni farasi bahari. Nyie mnaokwenda Feri kununua samaki huenda mmemwona, yule mdogo mwenye kichwa kama cha farasi na mkia wa kujikunja. Umbo ni hilohilo. Tunazo mbili, moja kulia, moja kushoto.

Kifafa cha Henry kilipungua sana. Akili yake ilibaki nzuri, maneno yake mazuri, adabu yake ileile. Lakini kuanzia siku ile, jambo jipya halikukaa tena. Anakula chakula cha mchana, sahani inaondolewa, baada ya muda hajui kama amekula. Mtafiti Brenda Milner alimfuata kumpima, na kila alipoingia ilibidi ajitambulishe upya. Si mara mbili, si mara tatu. Miaka na miaka.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Henry alikumbuka utoto wake. Aliwakumbuka wazazi wake na nyumba waliyokaa. Ingekuwa hipokampasi ndiyo ghala, basi vitu vyote vingeondoka nayo, si ndiyo? Havikuondoka. Kilichoondoka ni njia ya kuingizia vipya.

Na kuna kingine. Milner alimpa Henry mchoro wa nyota, akamwambia aufuatishe kwa penseli huku akiutazama kwenye kioo tu. Jaribuni nyumbani, mkono unakwenda kushoto wakati unataka kulia, ni mateso. Henry alifanya siku ya kwanza, vibaya. Siku ya pili, nafuu. Siku ya tatu alikuwa anachora vizuri kabisa, na akashangaa mwenyewe mbona ni rahisi, maana kwa upande wake ilikuwa mara ya kwanza kuiona nyota ile. Mkono ulikumbuka. Henry hakukumbuka.

Hili mimi nililijua kabla sijalisoma kitabuni. Bibi yangu mzaa mama, Kisarawe, miaka yake ya mwisho aliniita jina la mjomba ambaye alifariki mimi sijazaliwa. Aliuliza kama tumekula wakati masufuria bado yana moto. Lakini ukimwekea miyaa mapajani, vidole vinaanza. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, unakimbia kutoka mkononi kama utepe, kila unyaa unaingia chini ya mwenzake, haurukwi hata mmoja. Unyaa ukiisha, kidole gumba kinaubana, mkono wa kulia unapapasa pembeni bila macho, unachukua mwingine, unaupachika, safari inaendelea. Nilikaa pale mlangoni nikitazama, nikajiuliza: huyu amesahau jina langu, vidole vyake vinamjua nani?

Mama wa kitenge cha kijani, umeona? Mlango wako ulifungwa na njia hiyohiyo. Njia ya mazoea, ambayo haipiti kwa farasi bahari, na haiachi taarifa.

Tuendelee. Farasi bahari huyu anafanya nini hasa? Mtu wa kwanza kumsikiliza vizuri ni John O'Keefe, kule London. Mwaka 1971 yeye na mwanafunzi wake walieleza walichokipata baada ya kuweka nyaya nyembamba sana kwenye hipokampasi ya panya, panya akiwa anatembea zake. Seli moja ilinyamaza, ikanyamaza, halafu panya alipofika sehemu fulani ya jukwaa, ikalia ta-ta-ta-ta, yaani ikatoa mapigo madogo ya umeme. Akiondoka, kimya. Akirudi palepale, ta-ta-ta-ta. Seli ya jirani yake ilikuwa na sehemu yake nyingine. Kila seli na kituo chake.

Kila seli na kituo chake! Jamani, hiyo si stendi ya daladala?

Mwaka 2005, kule Trondheim, Norway, May-Britt Moser na Edvard Moser pamoja na vijana wao wakaonyesha kwamba jirani ya hipokampasi kuna seli nyingine ambazo hazina kituo kimoja. Zinalia kwenye sehemu nyingi zilizopangika kwa umbali sawa, kama vitundu vya sega la nyuki vilivyotandazwa sakafuni. Zinapima umbali. Mwaka 2014 wote watatu, O'Keefe na hao wawili, wakapewa Nobel.

Na binadamu? Madereva wa teksi wa London lazima wakariri mitaa takriban 25,000 kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kuwa kwa madereva hao, sehemu ya nyuma ya hipokampasi ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Watu wakasema, labda wenye hipokampasi kubwa ndio wanaopenda udereva. Swali la haki. Kwa hiyo wakafuatiliwa watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kujifunza, na mwaka 2011 majibu yakatoka: waliofaulu, sehemu ile iliongezeka, walioacha au kushindwa, haikuongezeka.

Sijui kama kuna mtu amewahi kupima vijana wetu wa bodaboda. Angepata mambo. Maana London mitaa ina majina kwenye vibao. Sisi mtu anaelekezwa hivi: ukifika Buguruni Sheli, kata kulia, ulizia kwa fundi cherehani, nyuma yake kulikuwa na mwembe, umekatwa, pale pale. Umesikia? Anaelekezwa kwa mti ambao haupo! Na Ubungo mpaka leo tunasema Mataa, na barabara zimepanda juu ghorofa. Ramani ya Dar es Salaam imekaa vichwani mwa watu, na nusu ya alama zake zimeshabomolewa.

(Hapa ndipo umeme ulipokatika. Nikasema bora, sasa tutaelewana.)

Sawa. Umeme umekwenda, feni zimenyamaza. Mnaisikia mvua kwenye bati? Vizuri, maana sasa nataka tusikilize mdundo.

Kuna daktari Mjerumani aliitwa Hans Berger. Akiwa kijana jeshini alianguka na farasi, akaponea chupuchupu kusagwa na gurudumu la mzinga. Siku hiyohiyo dada yake, mbali huko nyumbani, akapata wasiwasi juu yake hadi baba akapeleka simu ya maandishi kuuliza kama yuko salama. Berger akaamini kwamba wazo lake lilisafiri hewani. Maisha yake yote akatafuta nguvu hiyo inayotoka kwenye ubongo. Wazo la kusafiri hewani hakulipata. Mwaka 1924, mjini Jena, akapata kitu kingine: umeme mdogo sana juu ya fuvu la binadamu, unaopanda na kushuka kwa mpangilio. Ubongo una mawimbi. Alikaa nalo miaka mitano ndipo akalichapisha, 1929, na wengi hawakumwamini. Mtu alikwenda kuchimba kisima akakuta dhahabu, naye bado ana kiu. Ndivyo ninavyomwona.

Mawimbi hayo yapo ya kasi mbalimbali. Kwenye hipokampasi ya panya anayetembea na kunusa, kuna moja linaloitwa theta, linadunda karibu mara 8 kwa sekunde. Hilo ndilo vumi letu. Juu yake kuna mawimbi ya haraka yanaitwa gama, kuanzia kama mara 30 kwa sekunde hadi 100. Hizo ndizo chapuo.

Na vumi lina mpigaji wake. Yuko katikati ya ubongo, sehemu inaitwa septamu. Mwaka 1978 Jonathan Winson aliharibu septamu ya panya waliokwisha kujifunza njia. Panya ambao theta yao ilizimika wakapotea. Miguu mizima, macho mazima, njia hawaijui. Ukimnyamazisha mpiga vumi, wachezaji wote wanagongana.

Sasa, kwa nini? Kwa nini mdundo uwe na kazi na kumbukumbu? Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penyewe, na mimi kila nikipaeleza nasisimka.

Nahitaji kijana mmoja. Wewe hapo mbele, unakaa wapi? Kimara. Vizuri sana. Nitajie vituo ukitokea Ubungo kwenda mjini. Sauti! "Shekilango, Manzese, Magomeni, Jangwani, Faya." Mpigieni makofi.

Kutoka Shekilango mpaka Faya, kwenye daladala enzi zile za foleni, inaweza kuchukua nusu saa. Manzese uko nayo saa hii, Jangwani utaiona baadaye sana. Lakini kijana amezitaja kwa mshono mmoja, kama punje za tasbihi. Nani alizitunga kwenye uzi?

Seli mbili za ubongo zikiwa zinalia karibu karibu kwa wakati, kiungo kati yao kinaimarika. Donald Hebb wa Kanada alilikisia hilo mwaka 1949. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo wakachapisha kazi waliyoifanya Oslo kwa sungura: waliichangamsha njia moja ya neva inayoingia hipokampasi kwa umeme wa haraka, muda mfupi tu, na baada ya hapo njia ile ikapitisha ishara kwa nguvu zaidi kwa saa nyingi. Ni kama njia ya mguu kwenye majani. Watu wakipita, inafunguka.

Lakini kuna sharti. Karibu karibu kwa wakati maana yake ni karibu kweli. Tunazungumzia milisekunde, yaani sekunde moja uigawe mara 1,000. Seli mbili zikipishana kwa milisekunde 20 hivi, zinashikana mikono. Zikipishana kwa sekunde nzima, ni za kupita tu. Sasa Manzese na Jangwani zimepishana kwa dakika ngapi? Zitashikanaje mikono?

Mwaka 1993 O'Keefe na Michael Recce waliona kitu cha ajabu. Panya akipita kwenye kituo cha seli fulani, seli ile hailii hovyo, inalia kwa kufuata vumi. Na kadiri panya anavyosonga, inalia mapema zaidi ndani ya pigo. Akiwa ndiyo anaingia kituoni, inalia mwishoni mwa pigo. Akiwa anatoka, inalia mwanzoni.

Fikirini maana yake. Ndani ya pigo moja la vumi, mwanzoni inalia seli ya kituo anachokiacha, katikati ya kituo alichopo, mwishoni ya kituo anachokiendea. Manzese, Magomeni, Jangwani. Pigo linalofuata, tena: Manzese, Magomeni, Jangwani. Tena. Mara 8 kwa sekunde. Safari ya dakika nyingi imekunjwa ikaingia kwenye pigo moja, na vituo vilivyokuwa mbalimbali sasa vimekaa bega kwa bega, vimepishana kwa milisekunde chache. Vikashikana mikono.

Mmeliona hilo? Mdundo ndio unaokunja safari. Bila mdundo, kila kituo kinabaki peke yake, na hakuna konda wa kuviita.

Na chapuo? Chukua hesabu ya darasa la tano. Vumi likipiga mara 8 kwa sekunde, pigo moja lina milisekunde 125. Chapuo ikipiga mara 40 kwa sekunde, kila moja ina 25. Ngapi kwa ngapi? Tano. Mwaka 1995 John Lisman na Marco Idiart walipendekeza kwamba kila chapuo inabeba kitu kimoja, ndiyo maana kichwa kinaweza kushikilia vitu vichache tu kwa wakati mmoja, vitano, sita, saba. Ni pendekezo, na wataalamu bado wanabishana. Lakini mtu akikutajia namba ya simu yenye tarakimu 10 kwa pumzi moja, unajua mwenyewe inapoanzia kudondoka.

Msiseme hizi ni habari za panya. Kuna wagonjwa wa kifafa ambao madaktari, ili kujua kinaanzia wapi, huwawekea nyaya ndani ya ubongo kwa siku kadhaa. Baadhi yao hukubali kusaidia utafiti. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi ambapo wagonjwa wa aina hiyo walionyeshwa picha. Picha iliyoingia wakati seli zinalia kwa kufuata mdundo wa theta ndiyo waliyoikumbuka vizuri zaidi baadaye. Jicho lilelile, picha ileile kwa ubora. Tofauti ni kama seli zilikuwa ndani ya ngoma au nje yake.

Sasa niwaambie habari yangu mwenyewe.

Kidato cha sita, usiku wa kuamkia mtihani wa Baiolojia. Kwenye shule ile kukesha kulikuwa sifa, anayelala ni mvivu, na mwalimu wa zamu alituhesabu. Tulikuwa na mbinu moja, wazee wa humu mnaijua: beseni la maji ya baridi chini ya meza, miguu ndani. Usingizi ukija, unachezesha vidole majini. Nilipiga msuli mpaka adhana ya alfajiri. Ngozi ya nyayo ilikuwa imekunjamana kama ya mwosha vyombo. Nilisoma daftari zima mara tatu.

Naingia chumba cha mtihani, nageuza karatasi. Swali la kwanza nalijua! Najua lilikuwa ukurasa wa kushoto. Najua lilikuwa chini ya mchoro wa figo, na pembeni kulikuwa na doa la chai. Doa la chai naliona kabisa. Jibu halipo. Nimekaa na doa la chai saa nzima.

Nini kilitokea? Kwa miaka mingi nilidhani ni woga. Labda na woga ulikuwepo. Lakini mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton, kule Arizona, walifanya jambo moja: waliendelea kuwasikiliza panya baada ya panya kulala. Seli zilizokuwa zimelia pamoja mchana, panya alipokuwa anakimbia, zikaanza kulia pamoja tena usingizini. Kazi zilizofuata zikaonyesha kuwa hata mpangilio unarudiwa, Shekilango, Manzese, Magomeni, ila kwa kasi, mara 10 hadi 20 kuliko safari yenyewe. Panya amelala fofofo, kichwani anapita njia.

Marudio hayo hutokea ndani ya kishindo kifupi sana cha umeme, kinachotetemeka mara 150 hadi 200 kwa sekunde. György Buzsáki, aliyezaliwa Hungaria, ametumia maisha yake kukichunguza. Na hakiji peke yake. Wakati wa usingizi mzito, sehemu kubwa ya juu ya ubongo ina wimbi zito la polepole, halifiki hata mara moja kwa sekunde. Juu ya wimbi hilo hukaa mafungu ya mawimbi ya wastani, mara 11 hadi 16 kwa sekunde. Na ndani ya hayo hukaa kishindo cha farasi bahari. Kubwa, ya kati, ndogo. Wanamuziki watatu wanasubiriana. Wakipatana, kilichoshikwa na hipokampasi mchana kinafundishwa polepole kwa ubongo wa juu, kikae huko. Ndiyo maana Henry alibaki na utoto wake: ulikuwa umeshahamishwa.

Mtauliza, una hakika gani kwamba kishindo hicho kina kazi, labda ni kelele tu? Mwaka 2009, Paris, watafiti waliwasubiri panya walale baada ya kujifunza, na kila kishindo kilipoanza tu, wakakikata kwa umeme mdogo. Panya wengine walipewa umeme uleule, kwa idadi ileile, ila nje ya kishindo. Wa kwanza walichelewa kujifunza. Wa pili hawakudhurika. Usingizi wa wote ulikuwa wa kawaida. Kilichoibwa ni kile kishindo tu.

Kwa hiyo mimi na beseni langu nilifanya nini? Nilipokea wageni usiku kucha, sikumpa hata mmoja mahali pa kulala.

Kuna wanaouza vidonge vya akili, vya rangi, kwenye vichupa. Vimejaa mjini kila msimu wa mitihani. Sitapoteza muda wenu navyo, nanyi msipoteze pesa.

Nitapoteza muda kidogo kwenye madrasa. Wengi humu mmepita. Unafika na sura yako ya jana, mwalimu hakupi mpya mpaka umsomee ya jana bila kutazama. Ukikwama, kiboko kiko pale, sikisifu. Lakini utaratibu wenyewe, wa kulala nayo, kuja asubuhi, kuitoa kichwani mwenyewe, ndipo upewe nyingine, huo nausifu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi. Kundi moja liliyasoma tena na tena. Jingine liliyasoma, likayafunika, likajaribu kuyaandika kutoka kichwani. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, walikuwa nyuma. Mtoto anayesoma daftari mara tatu kwa usiku mmoja anajisikia anajua, na kwa dakika 5 anajua kweli. Tulikuwa na neno letu kwa ile njia ya kundi la pili, ya kuitoa kichwani, kudurusu, tukaliacha tukaanza kujisifu kwa madesa.

Tufike mwisho. Nimeiona karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kambi ya kidato cha nne: kuzima taa saa sita usiku, kuamka saa kumi alfajiri. Hizo ni saa nne. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anashauriwa kulala saa 8 hadi 10. Usingizi mzito, ule wa wimbi la polepole, hukaa zaidi mwanzoni mwa usiku, kwa hiyo kitu fulani watapata. Yale mafungu ya kati na usingizi wa ndoto, ambavyo hujaa kuelekea asubuhi, vitakatwa na kengele. Saa za daftari zinanunuliwa kwa saa nne za kudurusu ambako ubongo ungefanya wenyewe, bila ada, bila mwalimu wa zamu, bila mafuta ya jenereta.

Najua mtakaloniambia. Nyumba za kupanga, chumba kimoja, televisheni ya jirani, baa ng'ambo ya ukuta, kigodoro Ijumaa mpaka Jumapili. Nakaa Temeke, sikai mwezini. Kambi ina faida yake: kuna kitanda na kuna utulivu. Basi kitanda kitumike.

Mkuu wa shule, samahani, ratiba nimeigusa. Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa, hakina umeme lakini pokea tu. Mzee pale dirishani ameinua mkono tangu habari ya Henry, tuanze naye.